Jinsi ya kuangalia The Music Box ya Laurel na Hardy mpaka mbavu zikuume

Stori ya The Music Box unaweza kumsimulia mtu kwa pumzi moja: jamaa wawili, ndo hao Laurel na Hardy, wachekeshaji wa zamani wa muvi za Marekani, wamepewa kazi ya kupeleka piano kwenye nyumba ya mtu, nyumba iko juu, wao wako chini, katikati kuna ngazi. Basi. Karibu nusu saa nzima ni hiyo piano na hizo ngazi na hao jamaa, na muvi imetoka 1932, na mpaka leo ukimwekea mtoto asiyejua hata Marekani iko upande gani atagaragara chini.

Sasa shida ni kwamba nakutana na watu kibao wananiambia ah, nimeiona hiyo, haichekeshi, mambo ya kizamani. Huwa nauliza swali moja tu, uliiangaliaje? Na jibu karibu kila siku ni lile lile: kwenye simu, sauti nimezima, nikafowadi mpaka pale wanapoanguka, nikaona wameanguka, nikafunga. Sasa ndugu yangu hapo umeangalia nini? Ni kama mtu anakutegea kitendawili wewe humpi nafasi, unataka jibu tu, alafu unalalamika jibu lenyewe halina utamu. Kwenye hii komedi ya kuanguka na kupigana vikumbo, slapstiki wenyewe wanavyoiita, ule mwanguko ni risiti tu. Mali yenyewe ulishanunua kabla, pale ulipokuwa unaona kabisa hili sanduku litateleza na wao hawaoni.

Kwa hiyo nimeamua niandike jinsi mimi ninavyoiangalia na ninavyowawekea watu wengine, maana nimeshaiweka vibaya mara kadhaa nikabaki nacheka peke yangu kama chizi.

Kwanza tafuta kopi sahihi. Iwe na dakika kama 29 hivi, ukikuta ya dakika nane au kumi ujue mtu kakata, na aliyekata huwa anaondoa zile sehemu anazodhani "hakuna kinachotokea", yani ameondoa muvi akabakiza miporomoko. Pili kuna toleo lililotiwa rangi baadaye, mimi silitaki, lakini sitagombana na mtu, ila kama unaweza chukua lile la asili la nyeusi na nyeupe kwa sababu taa na vivuli vilipangwa kwa ajili ya hiyo, nguo zao nyeusi na lile sanduku vinaonekana vizuri juu ya ngazi nyeupe zile hata wakiwa mbali. Na wala usiogope kwamba ni muvi bubu, sio bubu, ina sauti, wanaongea, hilo watu wengi hawajui wanadhani kila kitu cha zamani ni kimya na maandishi.

Tatu, na hapa ndo wengi wanaharibu, usiivute picha ijaze skrini. Muvi za wakati ule zina umbo karibu na mraba, kwenye skrini za siku hizi zinabaki na nafasi nyeusi kushoto na kulia, sasa mtu anaona zile nafasi zinamkera anabonyeza kile kitufe cha kujaza, picha inakatwa juu na chini. Umekata nini? Umekata miguu! Na slapstiki ni miguu. Ukiangalia vizuri utaona kamera inakaa mbali, inaonyesha mtu mzima kutoka kofia mpaka viatu, na kwenye zile ngazi kuna wakati inarudi nyuma kabisa unaona mlima wote wa ngazi na watu wawili kama sisimizi wanasukuma punje. Hiyo ndo picha yenyewe inayochekesha. Ukubwa wa kazi na udogo wa wenye kazi. Kwenye simu hapo unaona doa tu, kwa hiyo kama una skrini kubwa kidogo itumie, kama huna basi angalau lalisha simu na uache hizo nafasi nyeusi zilivyo.

Sauti usizime. Narudia, usizime. Piano yenyewe nusu ya kwanza yote huioni, imefungiwa ndani ya sanduku la mbao, unachopata ni milio tu, kila ikigonga kidato inalia huko ndani nyuzi zote kwa pamoja, kama mtu kaikanyagia sebuleni. Unaanza kuihurumia piano kama vile kuna kiumbe humo ndani. Na hili jambo la sauti ni la kale sana kwenye mchezo huu, jina lenyewe slapstiki linatokana na kifaa cha waigizaji wa jukwaani, vipande viwili vya mbao bapa vimefungwa pamoja, ukimpiga nacho mwenzio vinagongana kwa kishindo kikubwa lakini maumivu hakuna. Yani tangu mwanzo ilikuwa mlio mkubwa, maumivu kidogo. Ukizima sauti unabaki na maumivu matupu, na maumivu matupu hayachekeshi mtu mwenye akili timamu.

Kiingereza kisikutishe pia. Maneno ni machache na mengi unayaelewa kwa sura zao. Kuna vitu viwili vitatu tu nakudokeza mapema ili vikifika usipitwe. Mwanzo yanatokea maandishi kwenye skrini kwamba hawa mabwana waliamua kupanga upya mambo yao yote ya fedha, wakachukua zile dola 3.80 wakaingia kwenye biashara. Dola tatu na senti themanini! Na kwenye gari lao la farasi wameandika jina la kampuni na mwaka 1931, lakini lile neno la kusema ilianzishwa lini wamelikosea makusudi, wameongeza herufi mbili likawa na maana ya kuzama kama meli. Kampuni "iliyozama 1931". Kitu kidogo kinapita haraka, ukikiona unajisikia mjanja.

Haya sasa bonyeza pleyi, na mara ya kwanza angalia moja tu: nani kati yao alisema "niachie mimi".

Kwa sababu hawa watu wawili wakionekana wote mabwege, hawafanani hata kidogo. Yule mwembamba, Stan Laurel, ni bwege wa kweli, haelewi na hana habari kwamba haelewi, ana amani yake. Yule mnene, Oliver Hardy, ni mjuaji. Sisi tuna neno zuri sana kwa huyu mtu na nadhani ndo maana anatuingia kirahisi, kila familia inaye mmoja, yule anayesema tokeni nyie hamjui kupanga vitu, ngoja nikuonyesheni. Hardy ana adabu za kibwanyenye, anarekebisha tai, anakunja vidole kwa madaha, anamsukuma mwenzie pembeni kwa heshima zote, na muvi nzima karibu kila adhabu inamshukia nani? Mjuaji. Bwege mara nyingi anapona. Mfano ni mwanzoni kabisa wanaposhusha piano kutoka kwenye gari, Hardy anainama kwa ujuzi wote ulimwenguni aipokee mgongoni, Laurel anaiteremsha taratibu kabisa, na farasi anasogea mbele hatua chache. Basi unaona hesabu yote kabla haijatokea. Mgongo huu hapa, sanduku lile pale, farasi ndo huyo anaondoka.

Hapo ndo ujaribu hili: usicheke wakati piano inamwangukia, jisikilize umeanza kucheka lini. Utagundua ulianza farasi aliponyanyua mguu.

Alafu baada ya kila ajali kuna kitu cha kukaa nacho. Hardy anageuka anakuangalia wewe. Sio mwenzie, wewe, anatazama moja kwa moja kwenye kamera kwa uso wa mtu aliyechoka kuishi na watu wa aina hii, kama vile anasema unaona ninavyoteseka? Ule mtazamo ni mrefu kwa makusudi. Wakati huo muvi zilionyeshwa kwenye kumbi zimejaa watu, kicheko cha ukumbi mzima kinachukua muda kuisha, sasa wakiongea haraka watu hawasikii neno linalofuata, kwa hiyo unaachiwa nafasi ya kucheka. Ukiangalia peke yako kimya kimya unaona kama muvi imelala, ndo unafowadi. Usifowadi! Hiyo nafasi ni yako, itumie, cheka kwa sauti hata kama uko peke yako.

Kwenye kupanda huko wanakutana na watu, na kila mtu anaongeza tatizo. Yaya na kigari cha mtoto anataka kupita, anawacheka, bwege anamchapa teke la makalio, yaya naye sio wa mchezo. Yaya anaenda kushtaki kwa polisi. Alafu anakuja profesa, jamaa mwenye ndevu na jina refu kama treni, Theodore von Schwarzenhoffen, kaigiza Billy Gilbert, na anataja herufi za digrii zake moja baada ya nyingine, anataka piano iondolewe njiani apite yeye mtu mkubwa. Angeweza kuzunguka kando. Hataki. Kofia yake ya kifahari inapigwa kofi inateremka ngazi zote mpaka barabarani, na wewe ulishajua kitakachoipata huko barabarani. Tena wanakuachia muda uijue kofia inavyoendelea kuteremka.

Nyie mlio wepesi wa kuchoka, hapa ndo mnaanza kusema wanarudia tu, wanapanda inateremka, wanapanda inateremka. Ndiyo wanarudia. Lakini hesabu na uangalie vizuri, hairudii vile vile. Mara moja inateremka kwa sababu ya mwanamke, mara moja kwa sababu ya polisi kuita, mara nyingine wamefika juu kabisa, wamemaliza, unashusha pumzi, na sanduku linaondoka polepole huku Hardy kalishikilia linamburuza chini kidato kwa kidato. Kila mara unapojua zaidi ndo unacheka mapema zaidi. Mwisho hata hawajafanya kitu, wamesimama tu wanafuta jasho na sanduku limetulia, na wewe tayari umeshaanza.

Na ngazi ni za kweli, sio za kujengwa studio. Ziko Los Angeles, mtaa wa Vendome, eneo la Silver Lake, vidato 133, mpaka leo zipo na zina kibao cha jina Music Box Steps, watu wanaenda kuzipanda. Nyumba ya juu ndo uongo, juu ya zile ngazi hakuna nyumba ile, ilijengwa studio kwa Hal Roach aliyekuwa mtayarishaji wao. Ngazi hizi tayari walishazitumia 1927 kwenye muvi fupi inaitwa Hats Off, huko walikuwa wanapandisha mashine ya kufulia, hiyo imepotea, hakuna kopi inayojulikana, mimi hilo huwa linaniuma kuliko piano yoyote. Ila nadhani ndo sababu hii ya piano imekaa sawa hivi, walishazijua hizo ngazi, walishajua kipi kinachekesha juu yake. The Music Box yenyewe, iliyoongozwa na James Parrott, ikapata Oscar ya komedi fupi, na ilikuwa mara ya kwanza hiyo tuzo kutolewa, na 1997 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya muvi za kuhifadhiwa. Haya usimwambie mtu kabla hajaiona. Ukimwambia mtu "hii ilipata Oscar" anakaa kama yuko kwenye mtihani.

Ukimaliza mara ya kwanza iache siku mbili tatu, alafu irudie ukiwa unamwangalia Laurel tu. Macho yasihame kwake. Utaona anafanya kazi ngumu kuliko unavyodhani, kwa sababu nje ya kamera yeye ndo alikuwa kichwa, Mwingereza aliyekuja Marekani na kundi la jukwaani la Fred Karno, lile lile alilokuja nalo Charlie Chaplin, na yeye ndo alikuwa anakaa kubuni vituko na kusimamia ukataji wa filamu, mwenzie akitoka kazini anaenda zake kucheza gofu. Bwege wa kwenye skrini ndo injinia. Ukishajua hivyo ukimwona anavyokuna kichwa utamwona kwa jicho lingine. Angalia pia kofia, zile za mviringo ngumu, wanavyobadilishana kimakosa, mmoja inamzama mpaka masikioni nyingine imekaa juu kama kifuniko cha chupa, wanavuliana, wanavaa, bado zimekosewa. Mtu anaweza kusema huu ni upuuzi. Ni upuuzi, lakini jaribu wewe na mwenzio kuufanya bila kuchelewa wala kuwahi hata kidogo muone kazi yake.

Kuhusu kujaribu, nisisahau: msijaribu vya kuanguka. Watu wa fani hii waliumia kikweli. Buster Keaton alivunjika shingo akirekodi Sherlock Jr. ya 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha akagonga kichwa kwenye chuma, akaendelea na kazi, akaja kujua ni mvunjiko miaka mingi baadaye daktari alipomwangalia. Harold Lloyd yule wa kuning'inia kwenye saa ya ghorofani katika Safety Last! ya 1923, mkono wake wa kulia ulikuwa hauna kidole gumba na cha shahada, aliwahi kulipukiwa na bomu alilodhani la kuigizia mwaka 1919, na kule juu alivaa glovu ya kuficha. Sasa hao walikuwa mafundi.

Sasa kuwawekea wengine. Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa kuhubiri. Nilimkalisha mpwa wangu nikaanza, hii ni klasiki, hawa ni magwiji, tazama hapa, ngoja ngoja angalia hapa, sasa hapa! Mtoto akawa ananiangalia mimi badala ya muvi, na alikuwa na haki maana mimi ndo nilikuwa kituko. Mara ya pili nikaiweka tu nikajifanya naangalia mambo yangu kwenye simu. Sanduku la kwanza lilipoondoka akapiga kelele "linakuja!" peke yake. Watoto wana faida hiyo, hawaoni aibu kuwaonya watu wa kwenye skrini. Mtu mzima naye anataka kuwaonya ila anajizuia, kwa hiyo mpe mtu mzima mwenzie, usimwekee mmoja mmoja. Watatu au wanne wakiwa pamoja mmoja akiguna wote wanalegea. Na usiweke saa ambayo watu wana haraka, wala usiweke kama kitu cha kusubirishia kitu kingine.

Wakiipenda usiwape muvi ndefu siku ile ile. Wape Big Business ya 1929, hiyo ni bubu, Laurel na Hardy wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba na mteja mmoja hataki, yeye anavunja gari lao na wao wanavunja nyumba yake, kwa zamu, kwa ustaarabu kabisa, kila mmoja anamsubiri mwenzie amalize kuvunja. Siku nyingine Sons of the Desert ya 1933, hiyo ndo ya saa nzima na kidogo, wanawadanganya wake zao. Kwa Keaton anza na Steamboat Bill, Jr. ya 1928, pale ukuta mzima wa mbele ya nyumba unapomwangukia na yeye amesimama penye tundu la dirisha, hiyo hata kwenye simu ndogo inafanya kazi. Chaplin mwache mwishoni, sio kwamba hafai, ila anakuliza pia na hapa tunatafuta kucheka.

Jambo la mwisho, ukiwa mwenyeji. Kuna mtu wa posta anatokea wakati wameshafikisha piano juu kwa jasho la damu, kajamaa kadogo hivi, na anawaambia kitu kuhusu barabara ya magari inayozunguka kilima mpaka mlangoni kwenye nyumba. Hapo nakuharibia utamu, najua, lakini hii muvi haiharibiki kwa kuambiwa, inanoga. Hardy anamsikiliza, anamgeukia Laurel, wanalitafakari. Kuna ukimya. Sasa wewe kwenye huo ukimya usiangalie skrini, wewe ulishaiona, geuka taratibu uwaangalie wageni wako usoni. Yuko mmoja atafunika mdomo kwa mkono aanze kutikisa kichwa, hapana, hapana, msifanye hivyo, na wale wawili bado hata hawajainama kulishika sanduku.